Begi la chini ya kitanda: namna ya kutunza nyaraka za kikundi cha transijenda Dar es Salaam

Jioni moja nikiwa kwenye foleni ya pantoni pale Feri, nilinunua karanga za mia mbili. Nilipomaliza kula nikaikunjua ile karatasi kabla ya kuitupa, kwa sababu tangu utotoni siwezi kuacha maandishi bila kuyasoma. Ilikuwa karatasi ya mahudhurio ya semina. Safu ya jina, safu ya simu, safu ya mtaa unakotoka, safu ya saini, na mwisho safu ya posho. Juu kulikuwa na kichwa cha semina kilichoeleza bila kificho kwamba ni semina ya akina nani. Majina tisa yalisomeka vizuri. Wawili kati yao nawafahamu.

Nilirudi kwa yule kijana nikanunua karanga zote zilizobaki kwenye ndoo yake. Nyumbani nilizifungua moja moja. Nyingi zilikuwa mitihani ya wanafunzi, lakini nne zilikuwa za semina ileile. Baadaye nilikuja kujua ilivyokuwa: kikundi kilihama ofisi, maboksi yakaachwa nyuma, na aliyekuja kusafisha chumba akaziuza karatasi kwa kilo. Hakuwepo mwenye nia mbaya katika habari hiyo yote. Hakuwepo tu mtu aliyekabidhiwa kuzitunza.

Tangu siku hiyo nimesaidia vikundi kadhaa hapa jijini kupanga nyaraka zao, na karibu kila mara nyaraka zenyewe ni begi moja chini ya kitanda cha mtu. Mwongozo huu ni wa mwenye begi hilo.

Kwanza maneno mawili tuelewane. Nikisema transijenda, nina maana ya mtu ambaye jinsia anayoiishi siyo ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Nikisema wavaaji, nina maana ya wale wanaovaa mavazi ya jinsi nyingine kwa nyakati zao, bila lazima ya kutaka kuhama jinsia. Katika makabati ya nyaraka duniani watu hawa wamelala pamoja, kwa sababu kwa miaka mingi walikaa chumba kimoja na kusoma jarida moja. Ukianza kuwatenganisha kwenye maboksi utapasua karatasi katikati.

Hatua ya kwanza: kaeni kikao kabla ya kufungua begi

Usianze na karatasi. Anza na watu. Itisheni kikao kidogo, watu watano wanatosha, mjibu maswali matatu: nyaraka hizi ni za nani, nani ataamua zisomwe na nani, na aliyenazo akifariki itakuwaje.

Swali la tatu ndilo watu hulikwepa, na ndilo lililopoteza vitu vingi kuliko mvua na mchwa. Tunajua msiba unavyokwenda. Ndugu wanatoka mkoani, arobaini inapita, chumba kinatakiwa kirudishwe kwa mwenye nyumba, na mtu ambaye hakuwahi kujua maisha ya marehemu ndiye anayekaa sakafuni kuchambua vitu vyake. Atakachokiona hakielewi au kinamtisha. Anachoma. Simlaumu, kwa upande wake analinda jina la familia.

Lou Sullivan, mwanamume transijenda wa San Francisco, alilitatua jambo hili akiwa hai. Aliandika shajara tangu utotoni, na mwaka 1987 akaanzisha kijarida cha wanaume kama yeye kilichoitwa FTM. Alikuwa pia miongoni mwa waliounda chama cha historia ya mashoga na wasagaji cha mji wake mwaka 1985. Alipougua UKIMWI alijua siku zake zimehesabika, akaziandaa karatasi zake na kukiachia chama hicho. Alifariki mwaka 1991 akiwa na miaka 39, na leo mtu anaweza kwenda kuomba boksi lake na kusoma alichoandika kwa mkono.

Kwa hiyo chagueni watunzaji wawili na shahidi mmoja. Watunzaji wasiishi nyumba moja. Shahidi awe mtu mnayemwamini asiyefahamika kuwa mwenzenu: mwalimu mstaafu, wakili, shangazi wa mtu. Kazi yake ni moja, kujua boksi liko wapi na kwenda kulichukua siku ya pili ya msiba, kabla ndugu hawajaanza kuchambua. Andikeni makubaliano haya nusu ukurasa, kila mmoja abaki na nakala.

Hatua ya pili: kusanyeni, na msidharau kitu

Watu wakisikia neno nyaraka wanafikiria barua zenye mhuri. Kwetu sisi hizo ni chache. Nyaraka za kikundi cha Dar ni hizi: kijarida cha kurasa nane kilichotolewa fotokopi steshenari, kipande cha kanga ya sare mliyovaa kwenye sherehe ya mwenzenu, daftari la kikoba, muhtasari wa vikao, kadi ya mwaliko, vipeperushi vya kliniki, picha zilizosafishwa maabara ya studio, kaseti au memori kadi ya simu ya zamani, shairi lililoandikwa nyuma ya risiti.

Kanga nitaisemea. Niliwahi kumkuta dada mmoja mkubwa kule Temeke, ambaye wengi wetu tumepita mikononi mwake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Umefuata makaratasi? Mimi karatasi sina, nina kanga."

Akatoa kanga tisa, kila moja imekunjwa ndani ya foronya, na kwa kila moja alijua ilivaliwa siku gani, nani aliichagua, na kwa nini jina lile la kanga lilichaguliwa kumjibu nani. Hiyo ni historia ya kikundi kwa miaka kumi na mitano, na isingeonekana kwenye kabati lolote la mafaili. Tuliandika maelezo yake kanga kwa kanga, kila moja na namba yake, na kanga zenyewe zikabaki kwake.

Na daftari la kikoba je? Ukilifungua unaona nani alikopa akalipie chumba baada ya kufukuzwa, nani alichangiwa matibabu, mwezi gani wote walishindwa kuweka hisa. Ni shajara ya kikundi iliyoandikwa kwa tarakimu.

Machapisho yenyewe, hata yakiwa mabaya kwa macho, kusanyeni kila toleo. Jarida la Transvestia lilianza kutolewa Los Angeles mwaka 1960 na Virginia Prince kwa ajili ya wavaaji, likiuzwa kwa posta. Aliyahariri matoleo 100. Wanaolisoma leo hufuata zaidi barua na simulizi za wasomaji: mtu wa mji mdogo anayeeleza jinsi anavyolificha gauni, mke anayeandika alivyopokea habari. Kwa hiyo kama kijarida chenu kilikuwa na ukurasa wa barua, au hata ukurasa wa salamu, huo ndio wa kuushika kwa mikono miwili.

Msikusanye visivyo vyenu. Vyeti vya hospitali vya mtu, majibu ya vipimo, kitambulisho chake: mrudishieni mwenyewe.

Hatua ya tatu: tenganisheni majina na karatasi

Kama utafuata hatua moja tu ya mwongozo huu, ifuate hii.

Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu, kifungu cha 154, inatoa kifungo kisichopungua miaka 30, hadi maisha, kwa tendo inaloliita kinyume cha maumbile. Karatasi ya mahudhurio haithibitishi tendo lolote, lakini mtu aliyeishika mtaani hasubiri uthibitisho. Oktoba 2018, lilipotolewa hapa jijini tangazo la msako wa mashoga, nilishuhudia rafiki yangu akichoma mafaili ya miaka sita kwenye jiko la mkaa uani, moja baada ya jingine, huku analia. Alichokuwa anaogopa kilikuwa kurasa kama ishirini zenye majina. Kilichoungua kilikuwa kila kitu, pamoja na nakala pekee za kijarida chao. Majina yangekuwa yametengwa tangu mwanzo, angechoma kurasa ishirini.

Fanyeni hivi. Chukueni daftari dogo, mliite daftari la namba. Kila mtu anayetajwa kwenye nyaraka apewe namba: M01, M02, na kuendelea. Jina na namba vinaandikwa humo tu. Kwingine kote, kwenye maelezo ya picha, kwenye orodha ya maboksi, kwenye majina ya mafaili ya kompyuta, inatumika namba peke yake. Daftari hilo halikai nyumba moja na boksi. Anakaa nalo mtunzaji wa pili.

Mbinu hii siyo mpya. Wasomaji wa Transvestia walijitambulisha kwa jina la kike na namba, siyo kwa jina la kwenye kitambulisho. Na walikuwa na sababu: mwanzoni mwa miaka ya 1960 Prince mwenyewe alishtakiwa huko Marekani kwa barua aliyoituma kwa posta. Alipokiitisha kikao cha kwanza cha klabu yake mwaka 1961, alimwambia kila aliyefika alete soksi ndefu na viatu vya visigino, kisha wakavivaa wote kwa wakati mmoja, ili asipatikane mmoja wa kuwasema wenzake. Klabu ikaitwa kwa jina la vitu hivyo viwili.

Karatasi za posho zinahitaji maamuzi peke yake. Mfadhili na mkaguzi wa hesabu wanazitaka, na mkataba husema zikae miaka mingapi. Zitunzeni katika bahasha yake, imefungwa, nje ya boksi la kumbukumbu, na tarehe ya kuharibiwa imeandikwa juu. Ikifika, haribuni kweli. Kuchana mara mbili hakutoshi. Lowekeni kwenye ndoo ya maji usiku kucha, asubuhi mzivuruge mpaka ziwe uji, kisha mzitupe. Kabla ya hapo nakilini takwimu tu: walihudhuria wangapi, tarehe gani, mada gani. Historia haihitaji namba ya simu ya mtu.

Mkitaka kufuta jina kwenye karatasi ya kutunza, msichafue karatasi halisi. Toeni fotokopi, pakeni wino mweusi kwenye fotokopi, kisha toeni fotokopi ya ile fotokopi. Karatasi ya kwanza iliyopakwa wino ukiielekeza kwenye mwanga, jina linasomeka. Kwenye picha za simu tumieni kiboksi cheusi kilichojaa, siyo ukungu. Ukungu una watu wanaojua kuuondoa.

Hatua ya nne: kausheni, safisheni, pambaneni na wadudu

Hali ya hewa ya Dar haina huruma na karatasi. Joto, unyevu wa bahari, chumvi, kisha masika kuanzia Machi hadi Mei, kisha vuli mwishoni mwa mwaka. Mnachotaka ni pakavu, penye kivuli na hewa inayopita, na mbali na sakafu.

Ondoeni kwanza vyote vinavyoharibu: pini za stepla na klipu za chuma kwa sababu zinashika kutu, raba bendi kwa sababu zinayeyuka na kugandia karatasi, selotepu pale inapotoka bila kuchana. Msipeleke kitu kwenye laminesheni. Najua inapendeza na watu wanadhani ni ulinzi, lakini joto la ile mashine na gundi ya plastiki vinaungana na karatasi moja kwa moja, na hakuna tena wa kuvitenganisha.

Risiti za EFD zipigeni picha au fotokopi siku hiyohiyo. Zimechapwa kwa joto, bila wino, na zitafifia mpaka zibaki nyeupe.

Wadudu: kagueni pembe za karatasi na migongo ya madaftari. Mkiona unga mwembamba, vitundu au mabaki ya mende, fungeni kila daftari ndani ya mifuko miwili ya plastiki inayobana vizuri, mliweke kwenye friza wiki mbili. Friza la anayeuza barafu mtaani linafaa kabisa. Mkilitoa, msifungue mfuko mpaka siku ya pili, la sivyo mvuke utalowesha karatasi. Picha na sidii zisipite humo. Naftalini msitumie, ni sumu kwa anayelala chumba hicho.

Kwa chombo cha kutunzia, tranka la bati la shule linazuia panya na mchwa, ila bati linatoa jasho. Liwekeeni kadibodi safi chini na pembeni, msilijaze, na mlinyanyue juu ya matofali au vipande vya mbao. Ndani, karatasi zikae kwenye bahasha za kaki au mafaili ya kadibodi, zimelala. Vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, vikusanyeni.

Sasa picha. Mwaka mmoja nililetewa albamu iliyopita kwenye mafuriko ya Desemba 2011, kutoka nyumba moja bondeni Jangwani. Ilikuwa imekauka yenyewe na kuwa kama tofali. Picha kama arobaini zimegandana, na kwenye ubavu unaona kingo zake za rangi rangi kama keki. Mwenyewe alikuwa ameshajaribu kubandua mbili kwa kisu cha mkate, na uso wa rafiki yake ulibaki kwenye mgongo wa picha nyingine.

Nilichofanya ni hiki. Nilithibitisha kwanza kwamba ni picha za maabara, maana picha iliyochapwa kwa printa ya ofisi wino wake unamwagika ukiguswa na maji. Nikaweka maji safi ya kunywa, ya baridi ya kawaida, kwenye beseni pana, nikalizamisha lile tofali taratibu na kusubiri. Baada ya kama nusu saa kingo zilianza kuachana zenyewe. Hapo unatia vidole ndani ya maji, unaisindikiza picha ya juu kwa upole, na ikikataa unaiacha isubiri zaidi. Usiguse uso wa picha, uko laini kama jeli wakati huo. Kila iliyotoka niliisuuza kwenye beseni la pili, nikailaza uso juu kwenye kanga kavu, kivulini, feni ikiwa mbali. Tulipata thelathini na moja. Mwenyewe alikaa kwenye mkeka akizitazama zikikauka, anataja majina, na mimi naandika namba.

Hatua ya tano: andikeni orodha, na muwaulize wakubwa sasa hivi

Chukueni daftari la kaunta. Kila kitu kinapewa mstari mmoja: namba ya kitu, ni nini, cha lini, kilitoka kwa namba ya nani, kina hali gani, kinaruhusiwa kusomwa na nani. Mfano: "B1-014. Kijarida, toleo la 3, kurasa 8, fotokopi. Kutoka M07. Ukurasa wa 5 umechanika pembeni. Wanachama tu." Inatosha. Kikundi kimoja kilitaka mfumo wa kompyuta wenye safu thelathini, na mpaka leo hakijaandika mstari hata mmoja.

Kama tarehe haijulikani andikeni inayokadiriwa na mseme ni makadirio. "Kabla ya daraja la Kigamboni kufunguliwa" ni tarehe nzuri, maana kila mtu anaweza kuitafuta: lilifunguliwa Aprili 2016.

Halafu picha zisemeshwe. Mwaka 2004 mtu mmoja huko New York alikuta kwenye soko la mitumba rundo la mamia ya picha za wanaume waliovaa kike, wakiwa nyumba moja ya mapumziko milimani: wanapika, wanacheza karata, wamekaa barazani na mikufu yao. Hakukuwa na maelezo. Zilitolewa kitabu mwaka 2005 kwa jina lililoonekana kwenye kibao ndani ya picha, Casa Susanna, na baada ya hapo tu ndipo wachache waliokuwa hai walijitokeza kueleza kwamba nyumba ile ilikuwa ya Susanna Valenti na mkewe Marie, na kwamba Susanna alikuwa anaandika kwenye Transvestia. Fikiria zile picha zingekuwa Mchikichini, chini ya marundo ya mitumba. Nani angezitambua?

Kwa hiyo chukua picha, nenda kwa mkubwa wenu, mpe heshima yake, keti. Usimuulize "hii ni nini?" Muulize "dada, siku hii mlikula nini?" Akianza na chakula atafika kwa watu. Rekodi kwa simu akiridhia, na ridhaa yake iwe ya kwanza kwenye rekodi, kwa sauti yake: anakubali irekodiwe, isikilizwe na nani, kuanzia lini, na kwamba anaweza kubadili mawazo. Ridhaa ya karatasi yenye jina na saini inaturudisha kwenye tatizo la hatua ya tatu, kwa hiyo iandikwe kwa namba yake, na saini iende kwenye daftari la namba.

Kwa aliyefariki, muulize aliyekuwa karibu naye zaidi katika maisha haya. Mara nyingi huyo siyo ndugu wa damu.

Hatua ya sita: nakala kwa simu

Huhitaji skana. Simu yenye kamera nzuri, dirisha lenye kivuli, meza, na vitabu viwili vya kushikilia simu isitikisike. Zima fleshi. Zima pia kitu kinachorekodi mahali picha ilipopigwa, kipo kwenye mipangilio ya kamera, na fanya hivyo kabla ya picha ya kwanza. Kama utatumia skana, nukta 300 kwa inchi zinatosha kwa maandishi, 600 kwa picha ndogo.

Jina la faili lifuate namba ya daftari: B1-014-uk05. Usitume nakala kwa WhatsApp kama picha, inazikamua mpaka maandishi madogo yanakufa. Hamisha kwa waya au memori kadi.

Nakala ziwe tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya jiji. Flashi peke yake haifai kutegemewa, inakufa bila kuaga. Vyombo vyote vifungwe kwa programu ya kusimba, yaani inayofanya faili zisisomeke bila paswedi, VeraCrypt ni ya bure, na paswedi waijue watunzaji wawili. Isiandikwe kwenye daftari lolote kati ya haya mawili.

Hatua ya saba: mlango wa nje

Mei 6, 1933, wanafunzi wa Kinazi waliivamia taasisi ya daktari Magnus Hirschfeld mjini Berlin, iliyofunguliwa mwaka 1919 na ambako watu wa transijenda walitibiwa, waliajiriwa na waliandikwa habari zao. Siku nne baadaye vitabu vyake maelfu vilichomwa hadharani. Kumbukumbu zote zilikuwa jengo moja, anwani inajulikana. Tunachojua leo kimetoka kwa vipande vilivyokuwa vimeshatoka nje ya jengo: majarida yaliyokuwa mikononi mwa wasomaji, barua zilizokwisha kutumwa.

Ndiyo maana nawashauri nakala moja ivuke mpaka, mkiwa tayari. Jirani wa karibu zaidi mwenye uzoefu ni GALA ya Johannesburg, hifadhi ya nyaraka za mashoga, wasagaji na transijenda, iliyoanzishwa mwaka 1997 na yenye makao katika Chuo Kikuu cha Wits. Chuo Kikuu cha Victoria nchini Kanada kina mkusanyiko mkubwa sana wa nyaraka za transijenda, ulioanzia mwaka 2007 kwa mkusanyiko wa Rikki Swin, na Transvestia yenyewe imehifadhiwa huko. Hazina ya kidijitali iliyoanzishwa na K.J. Rawson mwaka 2016, Digital Transgender Archive, haichukui karatasi bali inaunganisha nakala kutoka taasisi nyingi.

Kabla ya kutuma chochote, waulizeni kwa maandishi: mtatufungia kwa miaka mingapi? Tukitaka kitu kiondolewe, mtakiondoa? Nani atakuwa na haki ya kuchapisha? Maelezo yataandikwa pia kwa Kiswahili? Msione aibu kulishikilia hilo la mwisho. Nimeona picha ya pwani yetu imeelezwa kwa maneno ambayo waliomo wasingejitambua. Na pelekeni nakala, karatasi halisi zibaki hapa, isipokuwa kama usalama wake umeshindikana kabisa.

Hapa nchini, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inamgusa yeyote anayekusanya taarifa za watu. Isomeni pamoja na wakili mnayemwamini, hasa habari za afya.

Nani afungue, na lini

Wekeni ngazi tatu tu kwenye safu ya mwisho ya daftari: wote, wanachama, imefungwa. Kijarida ambacho kiligawiwa hadharani ni cha wote. Picha zenye nyuso ni za wanachama mpaka kila aliyemo akubali, na mmoja akikataa ibaki hivyo. Barua za mapenzi, rekodi za wagonjwa na mashauri ya ndani zimefungwa. Kwa muda wa kufunga, nyaraka za serikali yetu kwa sheria ya mwaka 2002 hufunguliwa baada ya miaka 30. Kwa zetu mimi huandika 50, au uhai wa aliyetajwa, kipi kirefu.

Mtafiti akija, hata akiwa na barua ya chuo, asome mezani mbele ya mtunzaji, simu ikiwa nje. Daftari la namba halimhusu.

Na kila mwaka, Februari, kabla masika haijaanza, watunzaji wawili wakutane. Fungueni tranka. Nusa, maana ukungu unaujua kwa harufu kabla ya macho. Badilisheni vipakiti vya unyevu. Fungueni faili tatu za kompyuta, zozote, mhakikishe zinafunguka. Kisha kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la kaunta andikeni tarehe, hali mliyoikuta, na namba zenu mbili, mfunge.